Gauni Lisiloua Samaki

Nchi ninayotaka kuwasimulia ipo, ila msiitafute kwenye ramani. Jina lake silitaji, maana kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufungwa kila Jumanne ili watumishi wapumzishe uchovu wa Jumatatu. Leo ni Jumanne. Niseme tu kwamba ni nchi ya amani, ina mto mmoja mkubwa unaokatiza mji mkuu, na viongozi wake wanatupenda sana, kiasi kwamba hata wakipewa kiinua mgongo hawaondoki.

Tuna desturi moja ambayo ni vizuri muijue mapema. Kwetu kitu kipya hakivuliwi upya wake. Mtu akinunua sofa, nailoni ya dukani inabaki. Mnakaa juu yake, inawanata mapajani wakati wa joto, mnavumilia. Friji linakaa na karatasi zake za mlangoni mpaka mtoto wa nyumba anaoa. Na mwanamume akinunua suti, ile lebo ya mkononi, iliyoshikizwa kwa uzi dhaifu ili mwenye suti aiondoe, haiondoi mtu. Sasa tutajuaje kwamba ni suti? Hata kiti cha Mtukufu Rais kilikaa na nailoni yake vipindi vitatu vya uongozi, na mabalozi waliokuja kujitambulisha walikisikia kikilalama kila anapogeuka. Wengine walidhani ni mkalimani.

Mimi naitwa Mzale, ni mshereheshaji wa harusi. Lebo ya suti yangu ya buluu imedumu kuliko ndoa nyingi nilizozisherehesha. Nayasema haya kwa unyenyekevu, kwa sababu Waziri wetu wa Mavazi na Mazingira, Mheshimiwa Profesa Bakunda, mtu aliyesoma mpaka akakosa cha kusoma, aliisahau desturi hii siku alipotunga sheria yake. Kama mnajiuliza kwa nini mavazi na mazingira vimewekwa wizara moja, jibu ni kwamba jengo lilikuwa moja.

*

Mheshimiwa alikuwa ametoka ng'ambo kwenye mkutano wa kulihurumia anga. Wakati wa mapumziko wenyeji wake walimpeleka duka la nguo, na huko akaona ajabu. Mama mmoja alinyanyua sweta, akasoma kikaratasi kilichoeleza sweta lile limeharibu mazingira kiasi gani na kwa hiyo mnunuzi anaongezewa tozo kiasi gani, akasonya, akalirudisha mahali pake. Waziri alibaki ameduwaa katikati ya soksi. Hakuwahi kuona raia akisoma kitu kisha akakifuata.

Aliporudi aliutazama mto wetu kwa jicho jipya. Kiwanda cha Nguo cha Taifa kiko juu yake, nacho humwaga humo maji yote ya rangi, na kwa miaka mingi sisi tuliutumia mto ule kujua mitindo. Ukipita zambarau, tunajua madera ya zambarau yanaingia sokoni. Ukipita kijani cha parachichi, mwenye dera la zambarau ajue kapitwa. Samaki wengi walikuwa wamehama, na waliobaki walikuwa wa kupendeza sana ila hawaliki.

Sheria ilizinduliwa uwanjani, sote tukiwa tumeletwa. Waziri alisema kwamba tangu siku hiyo kila nguo mpya itapimwa na wizara, na itashonewa lebo nyekundu ya ukubwa wa kisahani cha chai, kifuani, upande wa kushoto, juu ya moyo, ili iguse dhamiri. Juu yake tozo itaandikwa kwa tarakimu za kusomeka ng'ambo ya barabara.

"Mwananchi akiuona uharibifu alioununua, ataona haya," alisema. "Akiona haya, ataacha kununua. Akiacha, mto utapona. Huu ndio uchumi wa aibu, ndugu zangu. Na nchi hii ina hazina kubwa ya aibu, haijawahi kuguswa."

Tulipiga makofi. Akaongeza kwamba atakayeonekana amevaa lebo isiyo ya vazi lake atalipa faini mara mia ya tozo halali ya vazi hilo. Mara mia, alirudia, nasi tukapiga makofi tena kwa sababu mia ni namba nzuri. Ili kuonyesha mfano, yeye mwenyewe siku hiyo alivaa koti zito la sufu lililotoka nchi za baridi, katika jua letu lile, likiwa na Lebo Namba Moja. Tozo yake ilikuwa laki tisa, kubwa kupita zote nchini. Kisha afisa maalumu akaleta, juu ya mto wa mahameli, ule mkasi wa dhahabu wa kuzindulia ambao Mheshimiwa hatembei bila huo, maana hujui utakutana wapi na utepe. Akakata, tukaenda zetu.

*

Wizara haikukaa kizembe. Iliunda Kikosi cha Kupima Aibu, na maafisa wake wakasambazwa madukani, wakasimama kati ya nguo wakijifanya masanamu ya kuonyeshea. Wawili walivishwa magauni wakanunuliwa na wateja wasiotazama vizuri, lakini hayo ni mambo ya kawaida kazini.

Mteja wa kwanza kupimwa alikuwa mama mmoja mnene, mwenye mwendo wa mtu asiyepisha. Alinyanyua gauni, akasoma lebo, elfu ishirini. Akainamisha kichwa. Afisa akaandika: ameona haya. Mama akatazama kulia, akatazama kushoto, akamvuta muuzaji pembeni na kusema naye kwa sauti ya chini. Afisa akanyoosha shingo, jambo ambalo sanamu hairuhusiwi, akamsikia akiuliza:

"Hamna lililoharibu zaidi ya hili? Mimi nina mtoto wa kuozesha, baba. Siendi pale kama jirani."

Walimtolea stoo gauni la laki tano. Alilivaa pale pale akatoka nalo barabarani, lebo mbele, na mpaka anafika kwake jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Mji mzima ulimwita Bi Laki Tano. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuwajua watu, sikujua kamwe kwamba alikuwa na jina jingine.

Basi moto ukawaka. Lebo kwetu haivuliwi, na sasa serikali yenyewe ilikuwa imetupa lebo kubwa kuliko zote, nyekundu, yenye bei. Nguo za tozo ndogo zikapelekwa nyuma ya duka, zikawa za kudekia. Wizara ilikuwa imefungua ofisi ya kupokea malalamiko ya waliotozwa zaidi, na ofisi ikajaa watu waliolalamika kwamba wametozwa kidogo. Mfanyabiashara mmoja aliapa machozi yakimtoka kwamba suruali zake zimeua bata kumi na mpimaji kaandika wanne. Kiwanda nacho hakikuwa mjinga. Kilianza kumwaga mtoni rangi ambayo haikutumika kwenye nguo yoyote, ili tu nguo zake zipande daraja.

Kazini kwangu mambo yalirahisika. Kamati za harusi ziliniagiza nisitaje majina, yanachukua muda. Nikawa nasimama mlangoni na kipaza sauti changu, nasoma vifua. Anaingia Elfu Sabini, karibu mama. Anaingia Laki na Nusu, akiwa na mume wake Elfu Kumi, tuwaombee. Walionipa chochote niliwasomea mara mbili.

Mapato yalipanda mpaka Waziri akatangaza kwamba mazingira yanahifadhiwa kwa kasi ambayo dunia haijawahi kuiona, kwa kuwa kila shilingi ya tozo ni shilingi ya mazingira, na shilingi zilikuwa nyingi. Kwa fedha hizo ulijengwa ubao mkubwa ukingoni mwa mto, ukachorwa picha ya mto, wa buluu, wenye samaki. Ulikuwa mrefu kiasi kwamba hukuweza tena kuuona mto wenyewe, na tuliambiwa hilo nalo lilikuwa kwenye mpango.

*

Sasa niwaletee Masudi. Huyu alikuwa fundi cherehani wa Mtaa wa Sabuni, kijana mpole, na hakuwa na jora la kitambaa kipya dukani mwake. Kazi yake ilikuwa kuchukua nguo iliyochoka, kuifumua, na kuishona upya ikawa nguo nyingine. Kazi yake nyingine ilikuwa kupanua suti za Mheshimiwa Bakunda, ambaye alinenepa kwa awamu kufuatana na bajeti. Lile koti la sufu la Lebo Namba Moja lilifika mahali halipanuki tena, na dereva wa Waziri akaambiwa aliache kwa fundi lifanywe matambara. Likabaki limetundikwa msumarini, lebo yake ikiwaka.

Masudi alikuwa amemchumbia Zahabu, mwalimu wa chekechea. Zahabu mama yake mzazi, marehemu Kisa, alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na mama yake mkubwa, dada yake Kisa. Na mama mkubwa huyo ndiye Bi Laki Tano.

Masudi hakuwa na uwezo wa kununua gauni la harusi, lakini hata angekuwa nao asingenunua. Zahabu alimletea kitenge cha mama yake, kile ambacho Kisa na dada yake walinunua sare kwa ajili ya arobaini ya Zahabu mwenyewe, pamoja na shela nyeupe ya marehemu. Kitenge kile kilikuwa na tundu la kuungua kwa pasi ya mkaa, na juu ya tundu Kisa alikuwa ametarizi ua dogo la njano kulificha. Masudi alilikata gauni kwa namna ambayo ua lile liangukie kifuani, upande wa kushoto. Nimeona magauni mengi, maana ni kazi yangu. Lile lilikuwa zuri, nasema kweli, zuri mpaka mtu anapunguza sauti.

Mpimaji wa wizara alikuja, akalipima. Alilinusa, akalilowesha, akalikamua kwenye chupa. Maji yakatoka meupe. Kwa kuwa alikuwa mkweli, kosa ambalo baadaye alirekebishwa, aliandika Sifuri, akashona lebo kifuani, upande wa kushoto, juu ya lile ua. Masudi alimsihi aihamishie kulia. Mpimaji akamjibu kwamba kisheria moyo uko kushoto.

*

Siku ya kufungua sanduku la bibi harusi nilikuwepo, ila nyuma ya pazia, kwa heshima, maana ni shughuli ya wanawake. Utaratibu ulikuwa kwamba somo wa Zahabu anyanyue kila vazi, asome tozo, anipenyezee habari, nami niitangaze kwa kipaza sauti hadi mtaa wa tatu. Kanga zilipita, zina tozo ya heshima. Viatu vikapita. Kisha likanyanyuliwa gauni, na chumba kikanyamaza mpaka nikasikia jenereta la jirani.

Niliuliza ni ngapi. Mkono ukatokea kwenye pazia, kidole gumba na cha shahada vimekutana. Kwa kuwa mimi ni mtaalamu, nilitangaza kwamba tozo ya gauni ni duara.

Ndipo nikasikia sauti ya Bi Laki Tano.

"Mtoto huyu nimemlea mimi, kwa mikono hii. Leo anaolewa, hata samaki mmoja hafi kwa ajili yake?"

Zahabu akamwambia, "Mama mkubwa, litazame kwanza. Hilo gauni ni la..."

"Nimeshalisoma," akasema Bi Laki Tano.

Sanduku likafungwa, likarudishwa kwa akina Masudi siku hiyo hiyo. Ujumbe ulikuwa mfupi. Gauni lisilopungua laki tano, au hakuna harusi, na ifahamike kwamba yupo mkaguzi mmoja wa tozo bandarini ambaye amekwisha kumuulizia mtoto mara mbili.

Kinachofuata nilisimuliwa na Masudi mwenyewe, baadaye, nilipokuwa namdai pilau. Alirudi dukani akakaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Hakula. Alikuwa akihesabu moyoni ni suti ngapi za Waziri itabidi apanue ili apate laki tano, akaona kwamba Mheshimiwa atapasuka kabla. Zahabu akaja mchana kweupe, akasimama mlangoni, hakulia wala hakumpa pole. Alikuwa anatazama kitu ukutani.

"Mama mkubwa hajalikataa gauni," akamwambia. "Gauni hajaliona. Amekataa lebo. Wewe si fundi?"

Masudi akafuata macho yake mpaka kwenye msumari wenye lile koti. Akamkumbusha kuhusu faini. Zahabu akajibu kwamba faini ya kumkosa yeye ataikadiria nani. Hapo fundi akachukua wembe, akaifumua ile Sifuri kwenye gauni, akafumua Lebo Namba Moja taratibu, akaishona juu ya lile ua, mishono midogo kama ya daktari.

Sanduku lilirudi. Nilikuwa tena nyuma ya pazia. Ikatokea mikono miwili ina vidole tisa, nami nikatangaza laki tisa kwa sauti niliyokuwa naiweka akiba kwa ajili ya harusi ya mtoto wa Rais. Vigelegele vilitaka kuezua bati. Bi Laki Tano alitoka nje alikokuwa anangoja Masudi, akamkumbatia, akamwita mwanangu, akalia. Na katika wanawake wote waliokuwa mle ndani hakuna hata mmoja aliyetambua kwamba ni gauni lile lile, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyelitazama.

*

Zahabu alimwambia shoga yake mmoja, kwa siri. Kwa hiyo kufikia Ijumaa mji mzima ulijua, isipokuwa wizara na Bi Laki Tano.

Watu walipanga foleni Mtaa wa Sabuni. Kumbe lebo haichakai. Nguo inachanika, inapauka, lakini lebo ile nyekundu serikali iliitengeneza kwa kitambaa kigumu kuliko nguo zote, na unaweza kuihamisha kutoka dera hadi gauni mpaka ukafa, ukamrithisha mwanao. Mafundi wa mji mzima wakawa na kazi moja. Familia yenye lebo moja nzuri iliivaa kwa zamu. Akina mama walifungua masanduku ya zamani, wakatoa vitenge vya bibi zao, wakavishonea laki mbili, wakaenda harusini wamejaa. Hakuna aliyenunua nguo mpya tena. Ya nini, na lebo anayo?

Maduka yakapoa. Kiwanda kikazima mtambo mmoja, kikazima wa pili. Halafu asubuhi moja mkaguzi wa mto, aliyekuwa analipwa kutoutazama, alipita nyuma ya ubao kwa haja zake binafsi akaona mawe. Aliona mawe chini ya maji. Akaona na kambale, wa rangi ya kambale. Alikimbia hadi wizarani kuripoti kwamba mto umeharibika.

Waziri alilihutubia taifa siku hiyo. Nakumbuka alivyokuwa amekasirika, jasho likimtiririka. Alisema kwamba mto safi ni dalili ya wizi wa mapato, kwamba haiwezekani wananchi wakaonekana wamevaa tozo ya mabilioni na mto ukawa unang'aa, na kwamba kuna watu wanavaa uharibifu ambao hawakuufanya. Aliwaita wahujumu. Akaapa kwamba wa kwanza kukamatwa atalipa ile mara mia, na asipoweza atalala ndani hadi mto urudi katika hali yake ya kawaida.

Siku mbili baadaye alipokea kadi ya mwaliko. Bi Laki Tano alikuwa amesikia kwamba tozo ya laki tisa ni sawa na ya Mheshimiwa mwenyewe, akaona si adabu kumuozesha mtoto mwenye hadhi hiyo bila kumwita mwenzake. Na Waziri, ambaye hakupenda kufikiwa rekodi yake, alikubali ili akamwone ni nani.

*

Ukumbi ulijaa. Nilisoma vifua mlangoni mpaka koo likakauka. Waziri aliingia na msafara wake, afisa wa mkasi nyuma, akaketishwa mbele. Zahabu akaingia mkononi mwa Masudi, nami nikatangaza laki tisa, ukumbi ukasimama. Waziri naye alisimama, ila yeye alisogea. Alisogea hadi akainama mbele ya kifua cha bibi harusi kwa namna ambayo mtu asiye Waziri angepigwa. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, maandishi madogo ya chini: Lebo Namba Moja.

Nilizima muziki. Sijui kwa nini, mkono ulizima wenyewe.

Waziri aliuliza nani kashona. Masudi hakukana. Alisema ni yeye, na kwamba Zahabu hana hatia. Askari wawili wakamshika mikono pale pale, amevaa kanzu ya harusi, na ukumbi ukaanza kunong'ona laki tisa mara mia ni ngapi, maana hakuna aliyekuwa na uhakika isipokuwa kwamba ni maisha yake yote. Nilimwona Zahabu amekishika kidole kimoja cha Masudi, kile tu ambacho askari walikuwa wamekisahau. Niliumia. Mimi nimelipwa kufurahi kwa miaka mingi, lakini siku ile niliumia.

Bi Laki Tano alibaki ameganda kwenye kiti chake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

Waziri akataka kidhibiti. Afisa akaleta mto wa mahameli, Mheshimiwa akachukua ule mkasi wa dhahabu, na kwa mara ya kwanza tangu ununuliwe ukakata kitu ambacho si utepe. Alikata mishono mmoja mmoja. Lebo ikaanguka sakafuni. Chini yake kulikuwa na ua dogo la njano.

Bi Laki Tano aliinuka. Alikuja taratibu, yeye asiyepisha mtu, na watu wakampisha. Alilishika lile ua kwa kidole, akalipapasa pembeni mpaka akaufikia ukingo wa tundu lililoungua.

"Pasi ile nilikuwa nimeishika mimi," akasema. "Kisa alikuwa ananiambia, dada, mkaa umezidi, nami sikumsikia. Nilidhani atanigombeza. Akacheka, akachukua sindano." Akamtazama Zahabu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia ulitazame, mama mkubwa."

Basi yule mama akamkumbatia mtoto wake, wakalia wote wawili, na sauti yao ikawafikia walioko nyuma bila kipaza sauti.

Waziri alikohoa, maana serikali haiwezi kusubiri watu wamalize kulia. Aliagiza faini ikadiriwe papo hapo. Mpimaji yule yule mkweli, ambaye siku hizo alikuwa ameshushwa cheo akibeba maji ya Waziri, aliitwa mbele. Akauliza wapige hesabu ya tozo ya lebo au ya vazi. Waziri akamkumbusha kwa ukali kwamba sheria aliyoitunga yeye mwenyewe inasema wazi: mara mia ya tozo halali ya vazi.

Mpimaji akatoa simu yake, akabonyeza. Akaitazama. Akabonyeza tena. Akaizima, akaiwasha, akabonyeza kwa mara nyingine, kisha akasema kwamba tozo halali ya vazi hili ni sifuri, na mara mia yake, Mheshimiwa, inakuja sifuri.

"Jaribu mara elfu," akasema Waziri.

Alijaribu. Msaidizi wa Waziri naye akajaribu kwa simu ya bei kubwa zaidi. Wale askari, ambao sheria inawakataza kumshika mtu aliyekwisha kulipa faini yake yote, walikuwa wanatazamana. Mmoja akaachia mkono. Wa pili akaachia na kumnyoosha Masudi kanzu begani.

Bi Laki Tano akamgeukia Waziri, akamwomba, kwa adabu zote, amuazime mkasi. Profesa Bakunda, ambaye hakuwahi kuombwa kitu kile, alimpa. Yule mama akakata lebo yake kifuani, mwenyewe, akauweka mkasi mezani. Mwanamke aliyekuwa jirani yake akauchukua. Kisha foleni ikapangwa hadi mlangoni, na nikawasha muziki.

*

Serikali yetu si ya kushindwa. Wiki iliyofuata Waziri alitangaza kwamba sheria imefanikiwa kama ilivyopangwa: watu wameacha kununua, mto umepona, na kwa hiyo lebo zimefutwa. Picha yake akiwa na kambale ilitoka magazetini. Mtukufu Rais alimvalisha nishani ya Shujaa wa Mazingira, naye huivaa kila siku, ikiwa bado ndani ya nailoni yake.

Mimi nilirudi nyumbani nikaifumua lebo ya suti yangu. Chini yake kuna kipande cha buluu kali ambacho sikukikumbuka. Sehemu nyingine yote ya suti, nikaja kuona, ilikuwa imeshakuwa kijivu zamani. Watu wangu wa karibu wanasema walijua.

Harusi ya kwanza baada ya hapo nilisimama mlangoni na kipaza sauti changu, na aliyetangulia kuja alikuwa yule mama mkubwa wa Zahabu. Alivaa kitenge cha zamani, pacha wa kile cha gauni, kimepauka kidogo. Nilimtazama kifuani kwa mazoea. Hapakuwa na cha kusoma. Nikabaki nimefungua mdomo, kipaza sauti kinanguruma, watu nyuma yake wanasubiri.

Akanisogelea ili nisiaibike mbele ya wageni.

"Naitwa Nunu," akaniambia. "Tangaza."